Ngazi za Mtaa wa Mouffetard

Katika Paris ya miaka ya 1830, uwezo wa mtu ulijulikana kwa idadi ya ngazi alizopanda kufika kwake. Lifti hazikuwapo. Mwenye nazo alikaa ghorofa za chini, penye madirisha mapana. Fundi na karani walikaa juu yake. Na kule juu kabisa, chini ya vigae, ambako wakati wa joto hakulaliki na wakati wa baridi maji huganda ndani ya ndoo, ndiko walikopanga vibarua, wajane, wafua nguo na watu waliotoka mashambani kutafuta kazi. Nyumba moja, mlango mmoja wa barabarani, na watu waliopishana kwenye ngazi miaka nenda miaka rudi bila kujuana majina.

Historia hii ni ya wanafunzi wachache walioamua kuzipanda ngazi hizo mpaka juu. Chama walichokianzisha, Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, leo kina wanachama wapatao 800,000 katika nchi zaidi ya 150. Aliyewahi kusali katika parokia Katoliki za Dar es Salaam, Nairobi au Kampala huenda amesikia matangazo yao baada ya Misa. Wengi huwajua kwa unga, nguo na ada za shule wanazowalipia watoto. Mimi kinachonivuta ni lile tendo linalotangulia hayo yote: kwenda nyumbani kwa mtu, kupiga hodi, kungoja kukaribishwa, kisha kuketi.

Tendo hilo lina mizizi ya mbali kuliko wanafunzi wenyewe. Mwaka 1617, katika mji mdogo wa Châtillon, mashariki mwa Ufaransa, padre Vinsenti wa Paulo alikuwa akijiandaa kwa Misa ya Jumapili alipopewa habari kwamba nje kidogo ya mji iko familia ambayo watu wote nyumbani wanaumwa, hakuna hata wa kumpa mwenzake maji. Alilisema jambo hilo katika mahubiri. Mchana, alipokwenda mwenyewe kuwatazama, aliwakuta waumini njiani kwa makundi, wengine wakienda, wengine wakirudi, kila mmoja na kapu lake. Chakula kilikuwa kingi mno. Padre akaona mara moja kasoro ya wema ule: leo watakula mpaka washindwe, kingine kioze, na keshokutwa warudi kwenye njaa ileile. Siku chache baadaye akawakusanya akina mama wa mji na kuwapangia zamu, nani apike siku gani na nani akae na mgonjwa. Mwaka 1633, pamoja na Louise de Marillac, akaanzisha shirika la Mabinti wa Upendo, watawa ambao badala ya kufungiwa ndani ya kuta waliishi mitaani kati ya wagonjwa. Miaka 200 baadaye, mmoja wa masista hao ndiye atakayewaonyesha wanafunzi wetu njia.

Frédéric Ozanam alizaliwa Milano tarehe 23 Aprili 1813, akakulia Lyon. Baba yake alikuwa daktari aliyetibu maskini wengi bila malipo. Mama yake alishirikiana na wanawake waliokesha na wagonjwa wa familia za wafanyakazi. Walijaliwa watoto 14, wakabaki watatu tu. Nadhani nyumba iliyozika watoto wengi hivyo haikuhitaji kuhubiriwa maana ya kufiwa. Husimuliwa kwamba wazazi hao, umri uliposogea na pumzi ikapungua, waliahidiana kuwa hakuna atakayepanda tena zaidi ya ghorofa ya nne kwenda kwa mgonjwa. Siku moja wakakutana uso kwa uso kwenye ngazi za juu zaidi ya hapo, kila mmoja akiwa amemficha mwenzake safari yake. Mwaka 1837 daktari Ozanam alianguka kwenye ngazi alipokwenda kumtibu maskini mmoja, akafa.

Frédéric alifika Paris Novemba 1831 kusomea sheria. Wiki chache baadaye wafumaji wa hariri wa mji aliouacha, Lyon, waliasi kwa sababu ya ujira mdogo, na jeshi likaitwa. Paris yenyewe ilikuwa bado na joto la mapinduzi ya 1830. Kijana huyu mwembamba, mwenye haya na macho mabovu, alibahatika kupata chumba nyumbani kwa André-Marie Ampère, mwanafizikia ambaye kipimo cha mkondo wa umeme kimepewa jina lake. Mzee huyo alikuwa Mkristo wa kweli, jambo lililomtia nguvu kijana, maana pale Sorbonne maprofesa wengi waliizungumzia dini kama kitu cha makaburini. Kisha Machi 1832 kikaingia kipindupindu. Hadi Septemba kilikuwa kimeua watu zaidi ya 18,000 Paris peke yake, akiwamo waziri mkuu, Casimir Perier. Lakini waziri mkuu alikuwa mmoja. Vifo vilirundikana kwenye mitaa ya vichochoro, watu walikobanana chumba kimoja na maji yakatoka kisima kimoja.

Jioni za wanafunzi zilikuwa za mijadala. Mwalimu mmoja wa zamani, Emmanuel Bailly, mhariri wa gazeti na mtu aliyekaribia miaka 40, aliwafungulia ukumbi wa kujadili historia na falsafa. Kwa Kifaransa mkutano wa namna hiyo uliitwa *conférence*. Wakatoliki walikuwamo, na wasioamini walikuwamo, wakiwemo wafuasi wa Saint-Simon waliokuwa na ndoto ya jamii mpya ya wafanyakazi. Ozanam alijibu hoja kwa hoja, akiwaorodheshea mema ambayo Ukristo uliwahi kuufanyia ulimwengu. Ndipo siku moja mpinzani akamkubalia yote, halafu akamuuliza swali jepesi: hayo ni ya zamani, je, ninyi leo mnafanya nini? Mko wapi na hao maskini mnaowataja?

Ozanam hakuwa na jibu, na ninamheshimu kwa sababu hakulitafuta kwenye vitabu. Yeye na rafiki yake Auguste Le Taillandier walikusanya kuni walizokuwa wamebakiza za msimu wa baridi, wakazibeba wenyewe hadi kwa maskini mmoja waliyemjua. Kwa mwanafunzi wa Paris kuni hazikuwa mali ya kuchezea. Ndizo zilizomwezesha kukaa macho usiku akisoma bila vidole kufa ganzi.

Tarehe 23 Aprili 1833, siku Ozanam alipotimiza miaka 20, walikutana katika ofisi ya gazeti la Bailly, karibu na kanisa la Saint-Sulpice. Walikuwapo Bailly, Ozanam, Le Taillandier, François Lallier, Paul Lamache, Félix Clavé na Jules Devaux. Vitabu vingi huhesabu saba. Ozanam mwenyewe baadaye alisema walikuwa wanane, na ubishi juu ya nani hasa ndiye mwanzilishi ulizuka tena alipokwisha kufa. Chama kimezoea kuwataja wote pamoja, nami naona wamefanya vema. Wanafunzi walikuwa na umri wa miaka ishirini hivi. Bailly akawa mwenyekiti, Devaux akashika fedha. Walipanga kukutana kila wiki, kuanza na sala na kusoma kidogo kitabu cha kiroho, kila mmoja aeleze alivyoiona familia yake, kisha kofia izungushwe na kila mtu atie alichonacho bila mwenzake kuona. Mchango huo wa siri unafanyika mpaka leo, na naupenda kuliko jambo lolote katika taratibu zao, kwa kuwa umewawezesha mwenye duka na kijana asiye na kazi kukaa meza moja bila mmoja kumtia mwenzake aibu.

Nia walikuwa nayo. Lakini vijana wa familia za kati wangewajuaje maskini wa kweli, wangeingiaje nyumbani mwao, na wangesema nini wakishaingia? Bailly akamtuma Devaux kwa Sista Rosalie Rendu.

Mwanamke huyu anastahili kitabu kizima. Alizaliwa mwaka 1786 katika kijiji cha Confort, kwenye milima ya Jura, akabatizwa Jeanne-Marie. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, mapadre walipokuwa wakiwindwa, nyumba yao ilikuwa maficho. Mgeni mmoja aliyeitwa Pierre alipokelewa kama kibarua, lakini mtoto aliona jinsi mama yake alivyomhudumia kwa heshima isiyo ya kibarua, na usiku mmoja akamwona Pierre akiadhimisha Misa. Siku alipogombana na mama yake, mtoto akasema kwamba atawaambia watu Pierre si Pierre. Ndipo mama alipolazimika kumweleza msichana mdogo kwamba neno moja la mdomoni mwake lingeweza kumuua mtu. Rosalie alijifunza mapema sana kwamba ya nyumbani kwa watu hayatolewi nje ovyo.

Alifika Paris mwaka 1802, akapelekwa mtaa wa Mouffetard, akakaa huko hadi alipofariki mwaka 1856. Zaidi ya miaka 50 mahali pamoja! Mouffetard ni barabara nyembamba inayoteremka kutoka kilima cha Sainte-Geneviève, na vichochoro vilivyoizunguka vilikuwa miongoni mwa sehemu zenye dhiki kubwa kuliko zote katika Paris: watengeneza ngozi kando ya kijito cha Bièvre kilichonuka, waokota matambara, vyumba visivyo na dirisha. Katika nyumba ya masista, mtaa wa Épée-de-Bois, Rosalie aliendesha zahanati, shule ya wasichana, mahali pa kulelea watoto ambao mama zao wako kazini, na baadaye makao ya wazee. Chumba chake cha mapokezi kilikuwa na viti vichache tu, na mlangoni mabalozi na mawaziri walipanga foleni moja na waokota matambara.

Sista huyo aliwapa vijana vitu viwili. Kwanza, orodha ya familia. Pili, vikaratasi vya kuchukulia mkate, nyama na makaa ya mawe, ambavyo familia ilivipeleka dukani na kupewa bidhaa. Kikaratasi kilikuwa sababu ya kubisha mlango, maana mtu hawezi tu kuibuka kwenye ghorofa ya sita na kusema amekuja kusalimia. Na alikuwa na cha tatu kisichoandikwa: mafunzo. Aliwataka wasiende na orodha ya maswali, wasimhukumu mlevi kabla ya kujua anaishije, wasione uchafu wa chumba wakasahau kwamba maji hubebwa kwa ndoo kutoka chini, ngazi mia na zaidi. Wahenga wetu walishasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Rosalie aliwapeleka vijana wa vyuo waone kitanda chenyewe.

Familia ya kwanza aliyopewa Ozanam, kama wanavyosimulia walioandika maisha yake, ilikuwa ya mwanamke mwenye watoto watano aliyejichosha kwa kazi ili awalishe, huku mume akinywa kila senti iliyoingia na kumpiga juu ya hayo. Mkate ungeweza kupelekwa pale kila wiki hadi mwisho wa dunia bila jambo lolote kubadilika. Ozanam aliketi akasikiliza, na katika kusikiliza akagundua kwamba wale wawili hawakuwa wamefunga ndoa halali. Mama yule aliyedhani amefungwa maisha, kisheria alikuwa huru. Mwanafunzi wa sheria akaenda kwa waendesha mashtaka, akapata amri ya kumlinda, wenzake wakachanga nauli, na mama akarudi kwao Bretagne na watoto wadogo. Wavulana wakubwa wawili walipata kazi ya kujifunza ufundi katika kiwanda cha chapa cha Bailly. Nimelirudia tukio hili mara nyingi kichwani. Kilichomwokoa mama yule ni kwamba mtu aliyejua sheria alikaa chumbani kwake muda wa kutosha kusikia habari yote.

Februari 1834 mwanachama mwingine, Jean-Léon Le Prevost, alipendekeza wajiweke chini ya ulinzi wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Neno *conférence* la zamani lilibaki ingawa mijadala ilikwisha, na ndiyo maana hadi leo tawi la chama huitwa konferensi. Mwisho wa mwaka huo walikuwa zaidi ya 100. Ukumbi haukutosha, na Ozanam akapendekeza wagawanyike. Pendekezo lile liliwaumiza wengi, baadhi walilia, kwa kuwa walikwisha kuwa ndugu katika mji ambao wengi wao hawakuwa na ndugu. Mabishano yaliendelea kwa wiki kadhaa kabla Bailly hajakubali, na mwaka 1835 konferensi zikawa mbili, moja Saint-Étienne-du-Mont na nyingine Saint-Sulpice. Mwaka huohuo Lallier aliandika kanuni, na konferensi ya kwanza nje ya Paris ikaanza Nîmes.

Kugawanyika kule ndiko kulikokieneza chama. Wanafunzi walimaliza masomo, wakarudi kwao wakiwa mawakili, madaktari na walimu, na kila aliporudi mmoja konferensi ilizaliwa. Roma mwaka 1842, London na Dublin mwaka 1844, St. Louis kule Marekani mwaka 1845, Québec mwaka 1846. Dublin ilikuwa haijatimiza hata mwaka ugonjwa ulipoanza kuozesha viazi mashambani, na Ireland ikaingia katika njaa iliyoua takribani watu milioni moja. Fedha zilichangwa na konferensi za nchi nyingine na kupelekwa huko.

Chama kilikuwa cha walei tangu mwanzo. Waliongoza mikutano, walishika fedha, waliandika kanuni wenyewe, wakiwa waaminifu kwa maaskofu wao. Katika karne ambayo shughuli za Kanisa zilizoea kusubiri amri ya padre, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Ozanam mwenyewe alipata shahada ya udaktari wa sheria, kisha ya fasihi kwa utafiti juu ya Dante, akafundisha sheria ya biashara Lyon na baadaye fasihi ya kigeni Sorbonne, akiwa profesa kamili mwaka 1844. Mwaka 1841 alimwoa Amélie Soulacroix. Mwaka 1845 wakapata binti, Marie. Profesa aliendelea kupanda ngazi. Husimuliwa kwamba siku moja ya Mwaka Mpya alikumbuka familia aliyoitembelea, iliyokuwa imeweka rehani kabati lake la droo, kitu pekee kilichowabakia cha siku zao njema. Alitaka kulikomboa awape kama zawadi. Amélie, aliyeshika matumizi ya nyumba, alimtajia sababu nzuri za kutofanya hivyo, naye akakubali. Jioni alirudi kutoka kuwatembelea jamaa, akaketi kimya akitazama vitu vya kuchezea na pipi za binti yake, wala hakuonja hata moja. Mke akauelewa ule ukimya, akamwambia aende. Ozanam alitoka muda uleule, akalikomboa kabati, akalisindikiza mwenyewe hadi juu na kuhakikisha limewekwa mahali pake, ndipo akarudi nyumbani akiwa mwenye furaha.

Anayeuita upendo wa namna hii laini mno, kwamba unafuta machozi bila kugusa chanzo chake, ana hoja, na Ozanam aliijua. Katika mihadhara yake ya Lyon alifundisha kwamba ujira usiomtosha mfanyakazi kuishi, kusomesha watoto na kujiwekea akiba ya uzeeni si ujira wa haki. Aliandika kwamba mapambano yanayokuja ni kati ya walio na kila kitu na wasio na kitu, na kwamba Wakristo lazima wasimame katikati. Mapinduzi ya Februari 1848 yalipomwondoa mfalme, alianzisha gazeti la *L'Ère nouvelle* pamoja na mapadre Lacordaire na Maret, akawatetea wafanyakazi mbele ya Wakatoliki wenzake wenye mali, akagombea ubunge na kushindwa. Marafiki wengine walimkimbia. Papa Leo XIII alipotoa barua ya *Rerum Novarum* juu ya haki za wafanyakazi mwaka 1891, Ozanam alikuwa kaburini miaka 38.

Juni 1848 serikali ilifunga karakana za taifa zilizowapa kazi wasio na kazi, na kwa siku nne, tarehe 23 hadi 26, Paris ikapigana na Paris. Mitaa ileile ya Mouffetard ilijaa vizuizi vya mawe ya barabarani. Ozanam alikuwa ameitwa kwenye mgambo wa raia, upande wa serikali, na mbele ya bunduki zao walikuwa watu wa familia walizozitembelea. Yeye na rafiki zake wakaenda kwa Askofu Mkuu Denis Affre kumwomba awe msuluhishi. Affre akaenda tarehe 25 kwenye vizuizi vya Faubourg Saint-Antoine, akapigwa risasi, akafa siku mbili baadaye. Adolphe Baudon, ambaye muda mfupi tu alikuwa ameshika uongozi mkuu wa chama, alijeruhiwa mguuni.

Siku hizohizo afisa mmoja wa serikali alikimbilia uani kwa Sista Rosalie, waasi wakimfuata kwa bunduki. Sista akasimama kati yao. Walipokataa kumwacha, alipiga magoti, akawaomba kwa ajili ya miaka yote aliyowahudumia wao, wake zao na watoto wao. Wakateremsha silaha. Fikiria ni mara ngapi mama huyu alipanda ngazi za watu wale, kwa ajili ya surua, uzazi, misiba, mpaka neno lake likapata uzito huo. Alipofariki Februari 1856 umati mkubwa ulifuata jeneza lake hadi makaburi ya Montparnasse, na Mouffetard ilifunga kazi.

Ozanam hakumwona akizikwa. Ugonjwa wa figo ulimmaliza taratibu. Mwanzoni mwa 1853 alikuwa Italia kutafuta hali ya hewa nzuri, na mjini Florence alizungumza na wanachama akiwapa hesabu ya miaka 20: Paris peke yake wanachama 2,000 wakizitembelea familia 5,000, na Ufaransa nzima konferensi 500. Alifariki Marseille tarehe 8 Septemba 1853, siku chache tu baada ya kushuka melini wakirudi nyumbani, akiwa na miaka 40. Mwaka 1997 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri katika kanisa la Notre-Dame. Rosalie alitangazwa mwaka 2003.

Pigo kubwa kwa chama lilitoka serikalini. Oktoba 1861 Persigny, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Napoleon III, alitoa waraka uliotaka vyama vya hisani vipate kibali, na kwa chama hiki serikali ilitaka kumteua yenyewe mkuu wake. Mtandao wa wanaume waliokutana kila wiki katika kila mji uliitia hofu. Konferensi nyingi zilikataa mkuu wa kuteuliwa, Baraza Kuu likavunjwa, na Ufaransa ikapoteza matawi mengi miaka hiyo. Ng'ambo chama kiliendelea kukua. Wanawake, ambao kanuni za awali hazikuwapa nafasi, walikuwa wameanza chama chao Bologna mwaka 1856 chini ya Celestina Scarabelli. Vyama hivyo viwili viliungana katika miaka ya 1960, na leo, angalau huku kwetu, nyumba nyingi hubishiwa hodi na akina mama.

Nilifuatana na wanachama wawili Jumamosi moja, Dar es Salaam, baada ya mvua. Mmoja mwalimu mstaafu, mwingine fundi baiskeli wa miaka ishirini na kitu. Huko hakuna ngazi. Kuna ubao uliotandazwa juu ya mtaro, tukavuka mmoja mmoja. Mwalimu akapiga hodi mara tatu, akangoja, ingawa mlango ulikuwa wazi na bibi alionekana ndani akisuka ukili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, piteni ndani, msisimame juani."

Tulikaa kwenye mkeka. Kilo tano za unga, sukari na miche miwili ya sabuni viliwekwa kando ya mlango, havikutajwa. Walizungumza juu ya mguu wa bibi, paa linalovuja upande wa jikoni, na wajukuu watatu aliobaki nao tangu binti yake afariki. Ilichukua karibu saa nzima kabla bibi hajagusia, kama jambo dogo, kwamba mjukuu wa mwisho amerudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa cheti cha kuzaliwa, na kwamba yeye alikwisha kwenda ofisi inayohusika mara tatu akaambiwa arudi kesho. Mwalimu hakusema lolote kwa kitambo. Akatoa daftari kwenye mkoba, akauliza mtoto alizaliwa wapi, tarehe gani, na kadi ya kliniki iko wapi. Bibi akainuka kwa shida, akaifukua chini ya godoro, ndani ya mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nne.

"Nitaondoka nayo, bibi, au ninakili tu?"

"Nakili, mwanangu. Hii siiachii."

Akanakili, herufi moja moja, akamsomea bibi alichoandika. Tulipoaga, bibi alimwita fundi baiskeli akamjazia maembe kwenye mfuko uleule uliokuja na unga, akakataa kusikia neno la kukataa. Kijana akavuka ubao akiwa ameukumbatia mfuko kifuani, na mwalimu akamwambia wakutane Jumatatu saa mbili asubuhi, mlangoni pa ile ofisi.